Jeshi la ufalme wa kubuni huanzia kwenye chungu

Wengi wanaoanza kubuni ufalme kwa ajili ya riwaya au mchezo huanzia juu: Jemadari Mkuu, Amiri wa Maamiri, Kamanda wa Walinzi wa Usiku, vyeo kumi na viwili vyenye majina matamu. Vita vikianza, hata mwandishi mwenyewe hajui nani anamwamuru nani. Anzia chini, kwenye chungu.

Chungu cha kupikia, ndiyo. Kundi dogo kabisa la askari wa miguu ni watu wanaolala pamoja na kula pamoja. Roma iliweka askari 8 katika hema moja, na mahema 10 yakafanya senturia ya watu 80, ingawa jina lenyewe linadai mia. Wamongolia walihesabu kwa kumi: kumi, mia, elfu, elfu kumi. Majanisari, askari wa miguu wa sultani wa dola ya Uthmaniya, walimwita mkuu wa kikosi chorbaji, yaani mtu wa supu, na walipotaka kuasi walipindua sufuria zao. Idadi hii ya 8 hadi 10 ina sababu zake. Mkuu wa chungu huwajua wenzake kwa sauti gizani, chungu chao hubebwa na nyumbu mmoja wa mizigo pamoja na hema, na zamu za usiku hugawanyika bila mtu kukesha hadi asubuhi. Ukiweka watu 15, baada ya wiki utakuta wamejigawa wenyewe mafungu mawili, na fungu moja halina mkuu.

Tufanye chungu chetu kiwe cha watu 10, mkuu wao akiwemo. Vyungu 10 ni watu 100. Ongeza watano wasio wa chungu chochote: akida, ambaye ndiye mkuu wa wote hao, naibu wake, mshika bendera, mpiga baragumu na karani. Jumla 105. Fungu hili liite bendera, maana bendera ndiyo askari anayoitafuta kwa macho vumbi likishatanda. Akida husimama mbele, upande wa kulia. Naibu husimama nyuma ya safu ya mwisho akiwa na fimbo ndefu, kama msaidizi wa senturio, mkuu wa senturia ya Roma. Waandishi wapya humweka naibu mbele, bega kwa bega na bosi wake, na hapo wanakosea mara mbili. Kwanza, mshale mmoja au farasi mmoja anaweza kuwaua wote wawili. Pili, safu huvunjika kuanzia nyuma: aliye mbele amezibwa na wenzake, aliye nyuma ana uwanja mtupu wa kukimbilia. Naibu yuko pale kuuziba.

Karani ndiye husahaulika kuliko wote, nami ningemtetea kabla ya mpiga baragumu. Yeye ndiye mwenye daftari la posho na mishahara. Palipo na daftari pana askari hewa: mtu amekufa mwezi wa pili, jina lake linapokea mshahara hadi wa sita, na akida anajenga nyumba. Majeshi mengi ya Ulaya yaliugua ugonjwa huu kwa karne nyingi, kwa kuwa kapteni alikabidhiwa fedha za kombania nzima azigawe mwenyewe. Hata pasipo wizi, wapo wagonjwa, watoro na waliobaki kulinda daraja. Kwa hiyo andika hesabu mbili daima, ya daftari na ya uwanjani. Kikosi cha watu 540 kikifika vitani kina watu 400, hakuna msomaji atakayeshangaa.

Hao 540 wanatoka wapi? Bendera 5 ni watu 525, na mkuu wa kikosi ana watu wake 15, wakiwemo matarishi, mganga na mhunzi. Kwa nini tano, wakati akida amepewa vyungu kumi? Vyungu vyote kumi viko ndani ya sauti ya akida. Mkuu wa kikosi hawezi kupiga kelele akasikika na bendera zote, hivyo anasimamia vizuri tatu hadi sita tu. Ukimpa kumi, za pembeni zitapigana vita vyao wenyewe. Weka vikosi 6 chini ya amiri mmoja: watu 3,240 wa miguu. Ongeza wapanda farasi 300 wenye mkuu wao, naye awe chini ya amiri moja kwa moja. Ngazi za amri ni nne tu, na kwa ufalme wa kawaida zinatosha.

Sasa ndipo yaje majina. Mbele ya kila cheo andika mambo matatu: anaamuru wangapi, anapokea amri kwa nani, akianguka nani anashika. Cheo kisichokuwa na majibu hayo ni pambo, kipeleke ikulu. Tenganisha pia cheo na wadhifa. Mtu hubaki na cheo chake hata akiwa likizo. Wadhifa ni kazi aliyokabidhiwa kwa vita hivi, nao unaweza kuondolewa kesho.

Majina mazuri hutokana na kazi. Ethiopia ya kifalme ilikuwa na fitaurari, kamanda wa kikosi cha mbele, na vyeo vingine vilivyotajwa kwa upande wa kulia, upande wa kushoto na lango: ukisikia cheo unajua mtu alisimama wapi. Hata luteni, kwa asili yake ya Kifaransa, ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine. Ukiamua kutumia vyeo vya kisasa, jihadhari: meja ni mkubwa kwa luteni, lakini Meja Jenerali yuko chini ya Luteni Jenerali, kwa sababu cheo hicho zamani kilikuwa Sajenti Meja Jenerali, na neno la mwanzo likadondoka njiani. Usichanganye akida na luteni kanali katika jeshi moja bila sababu; sikio la msomaji hukwaruzika.

Halafu kuna wana wa wakubwa. Mwana wa mfalme ana miaka 17 na cheo cha ukoo. Akida mwenye makovu hana ukoo wa kutaja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo ufalme wako uwe na kanuni. Inayofanya kazi ni hii: nasaba inampa mtu kiti barazani, hati ya mfalme inampa amri uwanjani. Ukitaka mgogoro, mpe kijana hati na umwekee mzee unaibu. Genghis Khan alilikata tatizo la koo kwa kuwachanganya watu wa makabila mbalimbali katika mafungu mapya, ili utii uende kwa kamanda badala ya ukoo. Mfalme asiye na nguvu hiyo ataacha kila mkuu wa jimbo alete watu wake chini ya bendera yake, na atakuwa akiwabembeleza badala ya kuwaamuru.

Jaribu mpango wako kwa amri moja tu. Amiri anaona wapanda farasi wa adui wakija upande wa kushoto, anataka kikosi cha pembeni kigeuke. Tarishi anakimbiza farasi mita 800: dakika mbili. Anamtafuta mkuu wa kikosi, anasema, anaulizwa "kigeukie wapi?", anarudia: dakika nyingine. Baragumu linalia, maakida wanaangalia bendera kubwa ya kikosi imeelekea wapi, wanapaza sauti, vyungu vinageuka vikigongana: dakika tatu. Jumla sita. Farasi wanaotembea mbio za wastani hukata karibu mita 200 kwa dakika, yaani wamesogea kilomita moja na zaidi. Kama amiri wako alisubiri hadi wako mita 500, amechelewa, hata awe hodari vipi. Milio ya baragumu nayo isizidi mitano au sita. Kuruta mwenye hofu hakumbuki wa saba.

Njiani hesabu ni ngumu zaidi. Watu 3,540 kwa kilo moja ya nafaka, na farasi 300 kwa kilo tano mbali na majani, ni kilo 5,040 kila siku. Mkokoteni wa maksai wawili ukibeba kilo 500, siku kumi zinataka mikokoteni 101. Panga watu wanne wanne, farasi wawili wawili, mikokoteni mmoja mmoja: msafara unakaribia kilomita 3.7. Kwa mwendo wa maksai, kilomita 3 kwa saa, mkokoteni wa mwisho unaanza kutembea zaidi ya saa nzima baada ya askari wa kwanza. Kilomita 15 kwa siku ni mwendo mzuri. Anayesimamia haya yote ni mkuu wa shehena, na apewe cheo sawa na mkuu wa kikosi, la sivyo kila akida atamnyang'anya maksai.

Wachawi na majoka wasikae chini ya akida. Waweke kwa amiri, naye awaazime kwa kikosi kwa siku moja, pamoja na chungu kimoja cha kuwalinda. Mchawi anayeweza kupeleka sauti mbali hubadilisha kila kitu: zile dakika sita zinakuwa mbili, na kila mkuu wa kikosi atamtaka. Joka nalo lina posho yake. Likila ng'ombe mmoja kwa siku, majoka matatu ni ng'ombe 90 kwa mwezi, wenye wachungaji na karani wao. Kambini majoka yalaze upande ambako upepo unaelekea, mbali kabisa na farasi; farasi 300 wakiinusa harufu ile usiku mmoja, asubuhi wapanda farasi wako wataamka wakiwa askari wa miguu.