Jibu: Kazi ya usiku ya kuvuta data haiishi hadi asubuhi

Ndugu, umeuliza kwa nini kazi yako ya kuvuta miamala ya matawi ya SACCO kuja hifadhidata kuu ya Kampala inakuta wahudumu wameshafungua madirisha, na kama uombe RAM zaidi. Usiombe kwanza. Nimewahi kutunza mfumo wa aina hiyo, PostgreSQL (programu ya hifadhidata) pande zote mbili, Mbarara na Gulu zikituma usiku. Seva haikuwa na tatizo. Kweri, yaani maombi ya data yanayotumwa kwa hifadhidata, ndizo zilizokuwa nazo.

Weka EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hatua za kweri na muda wa kila moja, mbele ya ile SELECT (kweri ya kusoma data) uliyobandika. Ukiona Seq Scan kwenye jedwali la miamala, ujue linasomwa lote ili upate siku moja. (Amri hiyo huiendesha kweri yenyewe, si kukisia tu, kwa hiyo ukiipima UPDATE anza na BEGIN umalizie ROLLBACK ili mabadiliko yafutwe.)

Kwako sababu inaonekana hata kwa macho: umeandika WHERE DATE(muda) = jana. Indeksi yako, ile orodha iliyopangwa ya kutafutia mistari haraka, iko juu ya safu ya muda, wewe unaulizia DATE(muda), kitu ambacho haikijui. Andika muda >= mwanzo wa jana AND muda < mwanzo wa leo. Na kama seva inatunza saa za UTC (saa ya kimataifa), kumbuka sisi tuko saa tatu mbele mwaka mzima: siku ya Uganda inaanza saa 21:00 ya UTC. Ukisahau, miamala ya kati ya saa sita na saa tisa usiku itahesabiwa siku isiyo yake.

Ila mimi ningeachana na "jana" kabisa. Umeme ukikatika au mtandao ukilala, malipo ya Jumatatu yanaingia kwenye mfumo Jumatano, na kweri yako haitayaona kamwe. Tunza jedwali dogo linaloandika ulipoishia, ukifuata safu ya saa ya mabadiliko ambayo seva ya tawi huijaza yenyewe. Kila usiku rudi nyuma kidogo ya alama hiyo, maana uandishi ulioanza kwenye hifadhidata kabla ya wewe kusoma na kukamilika baadaye huponyoka hapo. Vinavyojirudia vitashughulikiwa na INSERT ... ON CONFLICT (ingiza, na useme la kufanya kama mstari upo tayari) kwa namba ya muamala.

OFFSET, ile ya kuruka mistari unapovuta data ukurasa kwa ukurasa, iondoe. OFFSET 900000 husoma mistari laki tisa na kuitupa, ndiyo maana kurasa za mwisho zinatambaa. Panga kwa id, omba id iliyo kubwa kuliko ya mwisho uliyopata.

Halafu kile kitanzi cha Python kinachotafuta mwanachama mmoja mmoja! Huko ni kupanda boda kwenda soko la Owino kwa kila nyanya. Mimina miamala kwenye jedwali la muda mfupi (temporary table) kwa COPY, amri ya kupakia mistari mingi kwa pamoja, endesha ANALYZE ili mpangaji wa kweri (sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kuiendesha) ajue ukubwa wake, kisha JOIN moja tu ya kuliunganisha na jedwali la wanachama.

Ukishabadilisha hayo, bandika hapa matokeo mapya ya EXPLAIN ANALYZE. Ninaishuku bado ile JOIN ya wanachama: kwenye tawi namba ya mwanachama ni varchar (maandishi), makao makuu ni bigint (namba kamili). Ukiweka CAST (kugeuza aina ya data) upande wa jedwali kubwa, indeksi itaachwa tena. Igeuze upande wa jedwali la muda mfupi, wakati wa kupakia.