Maswali yenu kuhusu Mtakatifu Antoni wa Padua

Kila ikikaribia tarehe 13 Juni, sikukuu yake, maswali kuhusu Mtakatifu Antoni, anayeombwa sana na waliopoteza vitu, huwa mengi, na karibu yote ni ya funguo na simu zilizopotea. Safari hii nimechukua sita. Kwa lile la tatu nimekaa muda mrefu zaidi, maana naona hapo ndipo tunapomsahau.

Sisi tunasema Antoni wa Padua, lakini mtawa mmoja Mreno alinisahihisha kwamba ni wa Lisbon. Nani mkweli?

Wote wawili. Alizaliwa Lisbon mwaka 1195, akabatizwa jina la Fernando. Ujana wake ulipita kwa Wakanoni wa Mtakatifu Augustino, yaani mapadri wanaoishi kitawa, kwanza hapo Lisbon, halafu Coimbra, na huko ndiko alikobobea katika Maandiko. Mwaka 1220 Wafransisko watano, watawa wafuasi wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, waliuawa Marrakesh, Moroko, na masalia yao yakaletwa Coimbra. Fernando hakutulia tena. Aliomba kuhamia kwa Wafransisko, akachukua jina la Antoni, akapanda meli kwenda Moroko akitamani kufia dini kama wale watano. Alichokipata huko ni ugonjwa. Akiwa safarini kurudi, upepo uliisukuma meli yake hadi Sisilia, na ndivyo Italia ilivyompata. Padua hakukaa miaka mingi, lakini ndiko alikohubiri Kwaresima yake ya mwisho na ndiko alikozikwa, Juni 1231, akiwa na umri wa miaka kama 36. Wareno nao hawajamwachia mtu: usiku wa kuamkia sikukuu yake, vichochoro vya zamani vya Lisbon hujaa moshi wa sardini za kuchoma.

Mama yangu akipoteza kitu humwita Mtakatifu Antoni, na mara nyingi hukipata. Jirani anasema huo ni ushirikina.

Msalimie sana mama. Ibada hii ina kisa chake. Antoni alikuwa na kitabu cha Zaburi, na enzi hizo kitabu kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kazi ya miezi. Pembezoni alikuwa amejiandikia maelezo ya kufundishia ndugu zake. Novisi mmoja, yaani kijana aliye bado katika majaribio ya utawa, alichoka akatoroka nacho. Antoni akasali, na yule kijana akarudi, kitabu mkononi. Watu wengi wakisimulia hukumbuka kitabu. Mimi humkumbuka zaidi yule kijana, kwa kuwa naye alikuwa amepotea, na alipokewa tena utawani.

Tunamwomba Antoni atuombee, kama vile mama yako anavyowaomba wanajumuiya wenzake wamwombee. Anayetenda ni Mungu. Ila wapo watu, hasa wanaotafuta wachumba, ambao huipindua sanamu yake kichwa chini mpaka awape wanachotaka. Hapo jirani yako ana haki ya kulalamika.

Nina duka dogo na nimeingia kwenye mkopo wa kausha damu, wenye riba kubwa. Rafiki yangu anasema Mtakatifu Antoni ni wa vitu vilivyopotea tu. Mwenye deni amwendee nani?

Mwendee yeye huyo huyo, ndugu yangu. Tena usimwendee kwa aibu, kwa sababu watu wa hali yako ndio aliowatetea katika miezi yake ya mwisho duniani.

Padua ya mwaka 1231 ilikuwa mji wa biashara, na wakopeshaji wake walikuwa wakali wa riba. Aliyeshindwa kulipa alitiwa gerezani. Akiwa gerezani hakuweza kufanya kazi, na asipofanya kazi hakuweza kulipa, basi akabaki humo na familia yake ikaanguka pamoja naye. Antoni alihubiri Kwaresima ile siku baada ya siku. Makanisa hayakutosha, ikabidi watu watoke nje viwanjani. Aliyeandika maisha yake kwanza, muda mfupi baada ya kifo chake, anasimulia kwamba watu waliamka usiku na taa mkononi ili kuwahi nafasi, na wenye maduka hawakufungua mpaka mahubiri yaishe. Wanawake walikuja na mikasi kumkata vipande vya kanzu, hadi vijana wenye nguvu wakalazimika kumzunguka.

Machi mwaka huo mji ukaandika sheria mpya, na ndani yake ikatajwa wazi kwamba ni kwa maombi ya Ndugu Antoni: mdaiwa asiye na fedha asifungwe tena, mradi akabidhi mali aliyo nayo. Sheria hiyo ilimtaja na mdhamini. Yeyote aliyewahi kutia sahihi kwa ajili ya shemeji au rafiki, akaja kugongewa mlango yeye, anaelewa kwa nini neno hilo moja lilikuwa na uzito. Deni lenyewe halikufutwa. Kilichokoma ni mwili wa mtu kuwekwa rehani.

Katika basilika yake huko Padua kuna sanamu za shaba za mchongaji Donatello, za karne ya 15. Moja inaonyesha kisa cha bahili aliyekufa: kifua chake kimepasuliwa, watu wameinama kutazama, na moyo haumo. Kisa kinasema ulikutwa ndani ya sanduku lake la fedha.

Sali kwake basi, na kesho yake uchukue mkataba wako umpelekee mtu anayejua sheria, akusomee riba mstari kwa mstari. Na tafadhali usikope kwa wa pili ili umlipe wa kwanza.

Je, ni kweli alihubiria samaki?

Kisa kinasema watu wa Rimini walikataa kumsikiliza, akaenda ufukweni, na samaki wakatoa vichwa majini. Yule mwandishi wake wa kwanza hataji samaki. Anachosimulia ni kwamba huko Rimini alimrudisha katika imani mtu aliyekuwa mzushi, yaani mwenye kushika mafundisho yaliyokataliwa na Kanisa, kwa miaka 30. Kwangu huo ndio muujiza mkubwa zaidi.

Nimesikia ulimi wake haukuoza. Kwa nini ulimi?

Mwaka 1263, miaka 32 baada ya kuzikwa, kaburi lilifunguliwa ili ahamishiwe katika kanisa jipya. Mtakatifu Bonaventura, mkuu wa Wafransisko wakati huo, alikuwapo, na ulimi ulikutwa mzima. Hadi leo umewekwa katika basilika hiyo, na mahujaji hupanga foleni kuupita.

Jambo la kugusa ni kwamba kwa muda ulimi ule ulikaa kimya. Alipofika Italia hakumwambia mtu kuwa amesoma. Aliishi mafichoni Monte Paolo, wenzake wakimwona mtu wa kuosha vyombo. Mwaka 1222, katika sherehe ya upadrisho huko Forlì, hakuna aliyekuwa amejiandaa kuhubiri, akaamriwa yeye aseme neno. Wakashangaa. Baadaye Mtakatifu Fransisko mwenyewe alimwandikia kumruhusu awafundishe ndugu teolojia, ila masomo yasizime roho ya sala. Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu tarehe 30 Mei 1232, kabla hata mwaka haujaisha tangu kifo chake, na Papa Pius XII akamfanya Mwalimu wa Kanisa, cheo cha watakatifu ambao mafundisho yao yana uzito wa pekee, mwaka 1946.

Zaidi ya ile safari ya Moroko, ana uhusiano wowote na Afrika?

Anao, na mwingine ni wa uchungu. Wareno walimbeba kila walikokwenda. Katika ufalme wa Kongo watu walimpokea kama wao, wakatengeneza visanamu vyake vidogo vya shaba vya kuvaa. Mwanzoni mwa karne ya 18 msichana aitwaye Kimpa Vita, kwa ubatizo Beatriz, alisema Antoni amemwingia, akawahimiza Wakongo waache vita vya wenyewe kwa wenyewe na wairudie Mbanza Kongo, mji mkuu uliokuwa umebaki gofu. Maelfu walimfuata. Alihukumiwa kuwa mzushi, akachomwa moto mwaka 1706, akiwa na miaka kama 22. Mafundisho yake siyatetei, lakini kifo chake hakiniachi.

Na pwani yetu anayo alama. Mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira Ngome ya Yesu huko Mombasa, meli ya Wareno iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ilizama mbele ya ngome. Jina lake lilikuwa Santo António de Tanná. Mabaki yake bado yako chini ya maji pale pale.