Jibu: Kairopraktiki kwa mjamzito mwenye maumivu ya nyonga

Hongera mama kijacho, na pole. Umeuliza kama unaweza kwenda kwa kairoprakta (mtaalamu anayenyoosha uti wa mgongo na viungo kwa mikono) kwa maumivu ya kiuno na nyonga ukiwa na miezi saba. Unaweza, ila mwambie kwanza mkunga wako wa kliniki. Kairoprakta anayejua wajawazito hakubonyezi tumbo. Anakulaza ubavu au kwenye kitanda chenye nafasi ya tumbo, na anasukuma taratibu. Akianza kukukunja kwa nguvu, ondoka. (Wakandaji wa mtaani siwahesabu hapa.)

Ushahidi kwamba kairopraktiki inasaidia bado ni mdogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 kwa maumivu haya unataja mazoezi, fiziotherapia (tiba ya viungo na misuli), mikanda ya kushikilia na akupancha (tiba ya kuchoma sindano nyembamba), kairopraktiki haimo. Mimi ningeanza na fiziotherapia, hospitali kubwa nyingi wanayo. Nyumbani, usisimame kwa mguu mmoja: vaa nguo umekaa, geuka kitandani magoti yakiwa pamoja, lala ubavu ukiweka mto katikati ya magoti.

Ukiona damu, maji yakitoka, homa, tumbo kukaza na kuachia kila baada ya muda, au ganzi sehemu za siri, usisubiri miadi ya mtu yeyote. Hospitali siku hiyohiyo.