Jibu kwa kijana wa Paje: utajuaje kama imani yako ni ya kweli

Marahaba mwanangu. Wengi wamekujibu kwa aya moja na "Mungu akutie nguvu" wakapita. Mimi nimeona swali lako linataka mtu akae nalo, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kwa urefu.

Kwa wanaoingia uzi huu sasa hivi: kijana anasema ametoka Mbeya, anahudumia mezani katika hoteli moja Paje, huku Unguja, anaimba kwenye kikundi cha kusifu, kila asubuhi anaweka aya kwenye status, na Ramadhani anakula mchana mbele ya wenzake makusudi ili wasije wakadhani anawaogopa. Kisha mwenzake wa kazini, kijana wa Kipemba, akamwambia mbele za watu: "Jumapili kanisani, Jumatatu tipu za wenzio mfukoni," kwa kuwa tipu anazopewa mkononi na wageni haziingizi kwenye boksi wanalogawana. Tangu siku hiyo haimbi kwa amani. Anauliza atajuaje kama imani yake ni ya kweli au ni ganda tu, ataishije kama Mkristo katikati ya Waislamu wengi namna hii, na kama aache kuimba.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Mwanglikana tangu kuzaliwa, nimeolewa Unguja na hapa ndipo nilipolelea wanangu. Nashona nguo, na wateja wangu karibu wote ni Waislamu. Theolojia sijasoma. Nitakueleza niliyoyaona dukani, kwa majirani na kanisani.

Naanza na hilo la kula mchana, kwa sababu naona ndipo penye ugonjwa kuliko hata kwenye tipu.

Wakristo wa huku ni wachache, na wengi wetu asili yetu ni bara. Kanisa linakuwa ndipo mahali unaposikia lafudhi ya kwenu, unakutana na watu wa kwenu, unapata wa kukuzika. Hilo ni jema, mgeni anahitaji watu. Lakini pole pole mtu anaanza kuulinda ubara wake huku anaamini anailinda imani. Utamkuta anatetea bia na nguruwe kwa nguvu ambazo hajawahi kuzitumia kumtetea mjane. Anajua kubishana na Waislamu, lakini Hotuba ya Mlimani hajaifungua tangu kipaimara. Mtu wa namna hiyo akirudi Mbeya au Mwanza, mahali ambapo Wakristo ni wengi, hujikuta hana chochote mkononi, kwa sababu dini yake yote ilikuwa ni kutofautiana na jirani.

Bwana hakutuagiza popote tukale mbele ya aliyefunga. Paulo aliwaandikia Warumi waliokuwa wakigombana juu ya vyakula, akawaambia: "Kwa maana ufalme wa Mungu si kula wala kunywa, bali ni haki na amani na furaha katika Roho Mtakatifu." Ni sura ya 14, isome yote leo usiku. Mimi mwezi wa Ramadhani nakula ndani, nyuma ya pazia, nikimaliza narudi kwenye cherehani. Mteja amekaa mbele yangu ana kiu tangu alfajiri, nimnywee maji usoni ili iweje?

Sasa fanya hesabu hii peke yako bila kumwonesha mtu. Ondoa kila kinachokutofautisha na yule Mpemba kwa kuzaliwa na kwa desturi: chakula, lafudhi, siku ya ibada, nyimbo, watu unaokaa nao. Kisha angalia kilichobaki. Je, kuna jambo lolote unalolifanya, au unalojizuia kulifanya, kwa sababu tu Yesu amesema? Kama lipo hata moja, una pa kuanzia. Kama halipo, usikate tamaa. Ila uache kuliita ganda lile imani.

Kwangu mimi jambo hilo lilikuja kwenye kazi. Kila anayeshonesha nguo Unguja anajua kumi la mwisho la Ramadhani linavyokuwa. Vitambaa vinajaa mpaka chini ya meza, kila mtoto anataka kanzu mpya, kila mama anataka nguo ya Idi, na fundi anapokea tu. Anajua kabisa hatazimaliza, lakini anapokea, maana akikataa mteja atakwenda duka la pili. Mteja akija anaambiwa njoo kesho. Kesho anaambiwa bado vifungo. Usiku wa kuamkia Idi kuna mama analia mlangoni na kitambaa chake bado hakijakatwa.

Duka nililojifunzia kazi lilikuwa la Mkristo mwenzangu, mtu wa kanisani kwelikweli, na ndivyo lilivyoendeshwa. Na mabaki ya vitambaa yalikuwa ni halali ya fundi bila kuulizwa. Ukipewa mita nne, nguo ikatumia tatu na nusu, nusu ile haisemwi. Asubuhi tulikuwa tunaanza kazi kwa sala.

Nilipofungua changu nilikuwa nimeshaisoma Zaburi ya 15, ile inayouliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana. Katika majibu yake kuna huyu: "Ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Hapo hapakutajwa wingi wa sala wala sauti nzuri. Basi nikaweka daftari. Nguo ninazoweza kuzimaliza kabla ya Idi naziandika. Ukurasa ukijaa, anayekuja namwambia samahani, mwaka huu sitaweza. Mabaki nayakunja, nayafunga kwa uzi pamoja na nguo, namkabidhi mwenyewe. Hasara ipo, tena ya wazi, maana msimu ule ndio unaolisha nyumba. Miaka ya mwanzo niliwaangalia wenzangu wakipokea fedha nilizozikataa, na roho iliniuma.

Bibi mmoja wa Mwembetanga alikuwa akifika kuchukua nguo anafungua bahasha palepale, anapima mabaki kwa dhiraa ya mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole, midomo ikihesabu. Siku moja akaacha kupima. Akaniambia, "Wewe fundi umebakia kusilimu tu."

Neno hilo Mkristo yeyote anayeishi vizuri na watu Zanzibar atalisikia, na wewe utalisikia. Usilichukie, kwao ni sifa kubwa na linasemwa kwa mapenzi. Lakini usilimeze kimya kimya pia. Nilimwambia, "Bi mkubwa, haya nimefunzwa na huyo mnayemwita Nabii Isa. Kwangu mimi ndiye Bwana." Akacheka, akasema haya, Mungu atatuhukumu kwa kheri. Tukaendelea. Miaka mingi ya kushona, na ule ndio ushuhuda mrefu niliowahi kuutoa kwake. Sijawahi kumgawia kijitabu wala kumwekea mahubiri kwenye spika.

Nimelisema hilo ili usinielewe vibaya. Kuishi vizuri na Waislamu si kujifanya huna dini. Jirani akifiwa natwaa kanga nakwenda, nakaa ndani na kina mama, namenya vitunguu, naosha masufuria. Hitima ikisomwa nanyamaza kwa heshima, sisomi nisichokiamini. Futari wakileta napokea, na sahani hairudi tupu. Krismasi kuku wangu namwita kijana wa jirani anichinjie, ili nikipeleka pilau nyumba ya pili wale bila wasiwasi. Wote mtaani wanajua Jumapili asubuhi fundi hayupo, yuko Mkunazini, kanisa letu la Kianglikana mjini. Hakuna kilichofichwa na hakuna aliyetukanwa.

Na kwa kuwa nimeitaja Mkunazini, niseme linaloniuma zaidi.

Ukija mjini ingia mle kanisani siku ya kawaida, utawakuta watalii na waongozaji wao. Wataoneshwa duara la marumaru sakafuni mbele ya madhabahu, kwamba hapo palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Kanisa limejengwa juu ya soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Askofu Edward Steere aliyelijenga kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Sisi Waanglikana tunajivunia habari hiyo, na tuna haki. Ila kuna sehemu ya pili haisimuliwi sana: soko lilifungwa 1873, lakini watumwa waliendelea kuwepo majumbani na kwenye mashamba ya karafuu, Unguja na Pemba, mpaka amri ya mwaka 1897. Hata amri hiyo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria hawakuhusika mpaka 1909. Kiwanja kilishakuwa kanisa, watu wanaimba zaburi, na biashara ile ile ikiendelea nyuma ya milango.

Nalifikiria hilo kila ninapopiga magoti pale, kwa sababu nimeona mambo ya kufanana. Kulikuwa na mama mmoja, sitasema wa kanisa gani, hodari wa michango, sare zimenyooka, anasali mpaka machozi. Nyumbani alikuwa na binti wa kazi aliyemtoa bara. Binti halipwi, anaambiwa mshahara nakuwekea. Mama mzazi wa binti alipofariki, binti akaomba fedha zake apande boti akazike. Hazikuwepo. Alikuja dukani kwangu na ndala za miguu tofauti, moja ya bluu, moja ya kijani, akiomba nauli kwa watu asiowajua.

Tulichanga, akaenda. Kisha wawili wetu tukamfuata yule mama kwake, bila kulitangaza, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Tukamsomea Yakobo 5, pale panaposema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Alikasirika sana. Alilipa baadhi, baadhi mpaka leo sijui, na kwa muda mrefu hakutusalimia. Sikusimulii ili umhukumu. Nataka uone kwamba machozi yake kwenye sala yalikuwa ya kweli. Hakuwa anaigiza. Alikuwa amegawa maisha vyumba, na yeye alimpa Mungu kimoja tu, kile cha kanisani. Hivyo ndivyo ganda lilivyo mara nyingi, mwanangu. Wanafiki wa makusudi ni wachache. Wengi tunapenda Mungu akae sebuleni, jikoni asiingie.

Kuhusu sala sina mengi. Yesu alisema ukisali ingia chumba chako cha ndani, ufunge mlango. Huku tumebahatika, adhana ya alfajiri inatuamsha sote. Jirani akienda msikitini mimi nakaa ukingoni mwa kitanda na Kitabu cha Sala. Siku nyingine nasali vizuri, siku nyingine nasoma maneno tu na usingizi umenijaa. Nasali hivyo hivyo. Jambo moja ningekuomba: hiyo aya unayoiweka kwenye status, iache kwa muda. Aya yenyewe haina kosa. Ila soma Mathayo 5 mpaka 7, chukua agizo moja, litende kutwa nzima, na usimwambie mtu. Utajua haraka sana kama ulikuwa unamtafuta Mungu au macho ya watu.

Sasa tipu. Umesema utaratibu wenu ni kila kitu kinaingia kwenye boksi na mnagawana, hadi wa jikoni na wafua nguo, na wewe zile unazopewa mkononi na wageni huziingizi. Ukauliza kama hiyo ni dhambi au ni utaratibu tu wa hoteli. Ni fedha za wafua nguo. Wao hawamwoni mgeni, hawana wa kuwapa mkononi. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakusubiri aulizwe. Alisimama akataja kiwango cha kurudisha. Kaa chini ukadirie kwa ukweli, na kama huna uhakika jipunje wewe. Kisha nenda kwa yule Mpemba kwanza, kabla ya wengine, maana ndiye aliyekwambia ukweli wakati ndugu zako katika Bwana walinyamaza. Usimpelekee mahubiri. Mwambie, "Ndugu yangu, ulisema kweli, na fedha hizi hapa." Kama ni nyingi kuliko uwezo wako, panga ulipe kidogo kidogo kila mshahara, wote wakijua. Wengine watakucheka. Wengine watasema unatafuta sifa. Vumilia.

Na kuimba? Wapo waliokushauri hapo juu uache mpaka uwe safi. Mimi naona Mathayo 5:23 na 24 zimeshakujibu: ukiwa na sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, nenda mkapatane kwanza, kisha urudi uitoe. Urudi, ndivyo ilivyoandikwa. Kwa hiyo mwambie kiongozi wa kikundi chenu una jambo la kuliweka sawa kazini na utakosa Jumapili hii. Ukishampa yule kijana za kuanzia na mkakubaliana namna ya kumaliza, rudi uimbe. Ukiamua kusubiri mpaka ujisikie mtakatifu hutaimba tena.

Kama unaona vigumu kwenda peke yako, niandikie kwenye ujumbe wa ndani. Mume wangu huwa anakuja Paje na Jambiani kikazi, anaweza kukaa nawe siku hiyo.