Maswali na majibu: 147,573,952,589,676,412,927

Toleo lililopita niliitaja namba hii, yaani 2⁶⁷ − 1, nikaahidi kujibu maswali yenu.

Shikamoo mwalimu. Nimejumlisha tarakimu zake nikapata 109, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Si shufwa, wala haiishii na 5. Je, si namba tasa? (Mwanafunzi, kidato cha pili)

Marahaba. Hesabu yako ni sahihi, ila umeziondoa 2, 3 na 5 tu. Kigawo chake kidogo kabisa, ukiiacha 1, ni 193,707,721. Kizidishe kwa 761,838,257,287 utaipata namba yetu. Vyote viwili ni tasa.

Nani aliwahi kuiita tasa?

Mtawa Mfaransa Marin Mersenne, mwaka 1644. Katika orodha yake ya vipeo (ukiipandisha 2 kwa kipeo kilichomo kisha ukatoa 1, alidai utapata namba tasa) aliingiza 67 na 257 kimakosa, akaziacha 61, 89 na 107. Kwa zama zile, kuihakiki orodha hiyo yote hakukuwezekana.

Mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas alijuaje mwaka 1876 kuwa si tasa, na hana kigawo hata kimoja mkononi?

Hapa ndipo penye utamu wa somo hili. Kujua kwamba namba inagawanyika ni kazi moja. Kukipata kigawo chenyewe ni kazi nyingine, tena ngumu zaidi. Njia ya Lucas, iliyonyooshwa baadaye na mwanahisabati Mmarekani Lehmer, tuijaribu kwa 31, yaani 2⁵ − 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 31, chukua baki: 14. Rudia: 194, baki 8. Rudia tena: 62, baki 0. Hatua ni 3, yaani kipeo 5 kutoa 2. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Lisipokuwa 0, si tasa. Kwa namba yetu utapiga hatua 65, na mwishoni hupati 0. Vigawo bado huvijui.

Mwanahisabati Mmarekani Frank Nelson Cole alivipata vigawo hivyo kwa mkono?

Ndiyo, akavitangaza Oktoba 1903 mbele ya wanahisabati wa Marekani, New York. Hakubahatisha. Kigawo chochote tasa cha namba hii ukikigawa kwa 134, yaani 2 × 67, baki ni 1. Ukikigawa kwa 8, baki ni 1 au 7. Lakini 193,707,720 ni 134 × 1,445,580, kwa hiyo hata kwa sharti hilo foleni ya namba za kujaribu bado ni ndefu mno. Cole aliichuja zaidi kwa kutumia mabaki ya namba za mraba, yaani mabaki yanayopatikana namba za mraba zinapogawanywa. Namheshimu sana kwa subira hiyo.

Nijaribu ipi mwenyewe kwa kalamu?

2,047, yaani 2¹¹ − 1. Vigawo vyake tasa vikigawanywa kwa 22 vinabakiza 1, kwa hiyo anza na 23.