Shangazi Anajibu: Huyu "Mimi" Tumfanyeje?

Toleo lililopita niliandika kuhusu kukaa kimya na kufuata pumzi kama Wabudha wanavyofanya, nikagusia kidogo habari ya ego, yaani ule umimi wa kutaka kila kitu kinihusu mimi. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea na karibu zote zinauliza namna ya kuiua hiyo ego. Nimechukua tano maana nyingine zinafanana. Na hilo neno "kuua" naomba tuliangalie vizuri, naona ndipo wengi wetu tunapokwama.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwanaume, nimeoa, huu ni mwaka wa pili nafanya meditesheni kila alfajiri. Pombe nimeacha, sigombani na mtu, mitandao nimeachana nayo. Tatizo ni mke wangu. Juzi kaniambia tangu nianze haya mambo namwangalia kama vile yeye yuko chini, eti bora zamani nilikuwa nafoka tunayamaliza. Nimeumia sana. Ego mimi nimeshaiua, sasa mbona yeye haoni?

JIBU: Mwanangu, asante kwa kutoficha maneno ya mke wako, wengi wangeandika yale mazuri tu. Ila hapa sikuungi mkono. Mkeo anaona kitu ambacho wewe huwezi kukiona ukiwa umefumba macho. Hebu rudia polepole ulivyoandika, "ego nimeshaiua", halafu angalia ni nani anayejisifu hapo. Ni yuleyule, kabadilisha nguo. Zamani alijivunia kushinda ugomvi, sasa hivi anajivunia kutogombana, na huyu wa sasa ni mgumu zaidi kumkamata maana kila mtu anamsifia kwa upole wake.

Nalijua hili kwa sababu lilinipata. Kuna kipindi nilienda kukaa kimya siku kumi, hakuna simu, hakuna kuongea, nikarudi najiona mwepesi kabisa, na wiki ileile mdogo wangu akaja na shida zake, analia, na mimi namsikiliza huku nimetuliza sura, napumua taratibu, hata bega sikumgusa. Akanyamaza ghafla akasema, "Dada, siku hizi unanisikiliza kama vile unanipima." Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nauangalia utulivu wangu, yeye wala sikumwona. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Kwenye maandiko ya Wabudha kuhusu nidhamu ya watawa kuna habari moja naipenda mno. Vijana sita wa ukoo wa Wasakya, ukoo wa Budha mwenyewe, watu wa tabaka la watawala, waliondoka kwao kwenda kuwa watawa pamoja na kinyozi wao aliyeitwa Upali. Walipofika kwa Budha wakamwomba ampokee kinyozi kwanza, wao wafuate. Sababu waliisema wenyewe: sisi Wasakya tuna kiburi, na huyu ametutumikia muda mrefu, akitangulia yeye itabidi sisi ndio tumwinamie. Maana katika utawa ule heshima inaenda kwa aliyetangulia kuingia, haijalishi mtu kazaliwa wapi. Ikawa hivyo. Sasa angalia hapa: kati ya hao sita alikuwemo Ananda, ambaye baadaye alimhudumia Budha kwa miaka 25, na alikuwemo pia Devadatta, yule aliyekuja kutaka aachiwe uongozi wa watawa, akakataliwa, akaishia kuligawa kundi. Wote waliinama mbele ya kinyozi mmoja. Kwa Ananda kiburi kilishuka kweli, kwa Devadatta ulioinama ni mgongo tu.

Kwa hiyo sisemi uache kukaa alfajiri, endelea, ila hayo ni kama kule kuinama, peke yake hayathibitishi kitu. Leo jioni mwambie mkeo, "Ulichosema nimekifikiria, hebu nieleze zaidi," halafu usijitetee. Na usitulie kwa ule utulivu wa kumwonyesha kwamba umetulia, jamani, huo ndio unaomchoma! Wewe sikiliza tu, na akigusa pabaya angalia kifua kinavyokaza na maneno ya kujitetea yanavyopanga foleni mdomoni. Hiyo ndiyo meditesheni yako kwa sasa. Kingine, tafuta kazi za nyumbani unazoweza kuzifanya bila mtu kujua ni wewe, zifanye, usizitaje. Utaona jinsi huyo uliyesema umemuua anavyolia kutaka kutajwa.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimesoma kwamba Budha alifundisha hakuna nafsi. Sasa kama mimi sipo, anayeamka kwenda kazini ni nani? Anayedaiwa ni nani? Mbona naona kama tunachanganyana tu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako ni la zamani sana, kuna msafiri mmoja aliyeitwa Vacchagotta alimwendea Budha akamuuliza moja kwa moja, je, nafsi ipo? Budha kimya. Akauliza tena, basi haipo? Kimya vilevile. Jamaa akainuka akaondoka. Ananda akashangaa, akauliza mbona hukumjibu, na katika sababu alizopewa mojawapo ilikuwa hii, kwamba ningemwambia haipo, mtu ambaye tayari kachanganyikiwa angezidi kuchanganyikiwa, angeona kwamba nafsi aliyokuwa nayo zamani sasa hana. Kwa hiyo kama unaogopa kwamba utafutika, hofu hiyo aliijua na hakutaka kukutia humo.

Alichofundisha ni kitu cha kujaribu mwenyewe. Kwenye mahubiri yake ya pili, mbele ya watawa watano kule Isipatana karibu na mji wa Varanasi, India, alichukua vitu vitano ambavyo mtu huviita mimi: mwili, hisia za raha na karaha, utambuzi, misukumo ya akili, na fahamu yenyewe. Akasema kama mwili huu ungekuwa mimi kweli, ningeuamuru, uwe hivi, usiwe vile, na ungenitii. Akaenda hivyohivyo mpaka cha tano. Basi jaribu leo. Iamrishe akili yako isiwaze chochote kwa dakika moja. Uamrishe moyo usiogope wakati unaogopa. Ziambie mvi zisitoke. Utaona vyote vinakwenda kwa sababu zake, usingizi, njaa, maneno ya jana, umri, na wewe unakuja baadaye unabandika lebo "mimi" na "yangu".

Hiyo lebo kwa matumizi ya kila siku haina shida, Budha mwenyewe alikuwa akiongea anasema "mimi". Deni ni lako, lipa. Shida inaanza pale lebo inapogeuka kuwa kitu cha kulindwa usiku na mchana, mtu kakohoa nyuma yako unadhani anakusema.

SWALI: Shangazi naona mnaongelea watu wenye majivuno. Mimi ni kinyume, najiona sifai kabisa. Kwenye kikao siongei, nikisifiwa nahisi wanadanganya, kila saa najilinganisha na wenzangu na siku zote mimi ndiye wa mwisho. Nafikiri ego mimi sina hata kidogo. Je, haya mafundisho yananihusu?

JIBU: Yanakuhusu sana mpenzi wangu, na barua yako nimeisoma mara tatu.

Wabudha wana neno "mana", kwa Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, ambalo watu hulitafsiri kama majivuno, lakini maandiko yanalitaja kwa sura tatu: mimi ni bora kuliko yeye, mimi ni sawa na yeye, mimi ni duni kuliko yeye. Umeona hiyo ya tatu? Imewekwa kundi moja na ya kwanza. Mara ya kwanza kulisikia hili nilibisha, niliona ni kumwonea mtu aliyekwisha kuumia. Baadaye nikaelewa kwamba halijasemwa kama lawama. Linasema tu kwamba mzani ni uleule, anayejiona juu na anayejiona chini wote siku nzima wanapima, na kinachopimwa ni "mimi". Wewe unasema huna ego, lakini ndani ya barua fupi vile umejilinganisha na watu kila mstari, na kazi hiyo inachosha kuliko kubeba mizigo.

Ila dawa yako si ile niliyompa kaka wa kwanza. Yeye nimemtuma akasikilize makosa yake, wewe ukifanya hivyo utajimaliza. Wewe anza na metta, yaani kutakia heri. Buddhaghosa, mtawa msomi wa karne ya 5, anaelekeza kwamba mtu aanze na yeye mwenyewe ndipo aende kwa wengine. Kaa, weka mkono kifuani ukipenda, sema taratibu, niwe salama, niwe na amani. Ikikuwia vigumu, na huenda ikawa vigumu, anza na mtoto unayempenda au hata mnyama, ukishahisi ule upole umeamka, jiingize na wewe humohumo kama mtu anayesogezewa kiti. Na ukijikuta unajilinganisha, usijikaripie. Sema kimoyomoyo "ninapima", basi, rudi kwenye ulichokuwa unafanya. Siku moja utagundua umemaliza lisaa lizima umesahau kupima, na nafasi hiyo haikuwa na mtu bora wala duni.

Na kama hali hii imefika mahali huli, hulali, au unawaza heri usingekuwepo, naomba usibaki na meditesheni peke yake. Kukaa kimya na mawazo ya namna hiyo kunaweza kuyapa nguvu. Nenda kwa daktari au mshauri, mwambie mtu wako wa karibu leo, usingoje.

SWALI: Je, nikifanya haya mazoezi nitakuwa nimeacha dini yangu?

JIBU: Kufuata pumzi na kutakia watu heri hakuna kiapo, wapo watu wa dini mbalimbali wanaofanya. Lakini sitakuficha, fundisho la kutokuwa na nafsi ya kudumu haliendani na dini zinazofundisha roho ya milele, na hapo itabidi uamue mwenyewe unachukua nini. Ongea na kiongozi wako wa dini kwa uwazi.

SWALI: Bosi wangu alinitukana mbele ya wenzangu kwa kosa ambalo si langu. Nilikuwa na miezi minane ya mazoezi, nikajiona niko vizuri, lakini siku ile nilitetemeka kwa hasira na mpaka leo nalala naye, naamka naye kichwani. Wengine wananiambia ni ego tu, achilia. Hii kitu huwa inaisha kweli?

JIBU: Kwanza hao wanaokwambia "ni ego tu" wamekukosea. Kuonewa ni kuonewa. Kushughulikia umimi hakumaanishi kuwa jamvi la kila mtu kufutia miguu, na wapo wakubwa wengi wanaolipenda neno hilo ili walio chini yao wanyamaze. Kama kazini kwenu kuna utaratibu wa kulalamika, andika, eleza kosa lilikuwa la namna gani na liliingiaje, kwa utulivu na kwa ukweli.

Halafu tuongee kuhusu usiku. Budha alitoa mfano wa mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa wa pili. Wa kwanza ni lile tusi, limeshaingia, lazima liume. Wa pili ni ile "kanidharau mimi, wamenionaje, ningemjibu vile", na huo kila usiku unajichoma mwenyewe. Ukiamka nao usishindane na yale maneno, hutayashinda, kila ukijibu yanaleta mengine. Shuka kwenye mwili. Taya limekaza? Tumbo? Kaa hapohapo kwenye joto la hasira lenyewe bila ile hadithi, pumzi tatu, kumi, mpaka lisogee. Litarudi. Utafanya tena.

Kama inaisha, nakujibu kwa mtawa Khemaka. Alikuwa mgonjwa sana karibu na mji wa Kosambi, watawa wazee wakawa wanamtuma mwenzao, Dasaka, kumuuliza maswali, anaenda anarudi, anaenda anarudi. Khemaka akasema katika vile vitu vitano sioni hata kimoja ambacho ni mimi, lakini bado sijakamilika, ile hali ya "mimi nipo" bado imebaki. Mwishoni akachoka na hizo safari, akachukua fimbo yake, mgonjwa hivyohivyo, akawafuata mwenyewe. Akawaambia ni kama nguo iliyofuliwa kwa magadi au mavi ya ng'ombe: imeshakuwa safi lakini harufu ya kilichoifulia bado imo, ndipo mwenyewe anaiweka kwenye sanduku lenye manukato mpaka ile harufu iishe.

Huyo ni mtu aliyekuwa mbele yetu kwa mbali mno, na alikiri mbele ya wazee wake kwamba bado ananuka kidogo. Maandiko yanasema alipokuwa anaeleza hivyo, palepale, wazee wapatao 60 na yeye mwenyewe wakawa huru kabisa na ule umimi. Wewe una miezi minane, na ulitetemeka, na ukaliona tetemeko lako vizuri kiasi cha kuniandikia. Peleka malalamiko yako, endelea kukaa kila siku hata dakika 20, na baada ya miezi mitatu niandikie tena uniambie usiku ukoje.