Kabla hujalipia aplikesheni ya duka, soma hii kwanza

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia inboksi, anauza vipodozi jumla na rejareja, kuna vijana wamemwambia watamtengenezea aplikesheni ya duka kwa milioni nne na nusu, anauliza alipe au asilipe. Dada yangu, shika hela yako kwanza. Nimemjibu kirefu nikaona bora niweke na hapa, maana swali hili naulizwa kila leo.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Wanaonilisha sio wapita njia, ni mafundi na wenye viduka vya mikoani, Ifakara, Mpanda, Kibondo huko. Wakati naanza kutafuta njia ya kuwafikia kwa simu, kuna kampuni ilinifuata na laptopu wakanionyesha mapicha mazuri, mteja anafungua, anachagua, anaweka kwenye kikapu, analipa. Nikawauliza, huyu fundi mikono yake imejaa grisi, simu imejaa nyimbo hadi inagoma kupokea picha, bando la kuungaunga, hii kitu ataipakua saa ngapi na kwanini asiifute kesho? Yule kijana akacheka, "mama, dunia inaenda, utabaki nyuma". Shemeji yangu alikuwepo akaidaka, ikawa kila tukikutana kwenye shughuli naitwa Mama Kitochi mbele za watu. Sijasahau. Leo shemeji huyo huyo kafungua duka lake Mbagala na anachukua mzigo kwangu kwa mali kauli, haya.

Yani watu wanachagua njia kwa kuangalia ipi itawapa sifa, hawamwangalii mteja anavyohangaika. Fundi wangu akikwama, mwenye pikipiki yuko hapo kwenye benchi anamtolea macho. Jina la kipuri halijui wala namba yake. Anachomoa sproketi iliyoisha meno, anailaza kwenye kipande cha boksi, pembeni anaweka kiberiti nione ukubwa, anapiga picha, halafu voisi: "Mama shikamoo, ya Boxer hiyo, ya nyuma, ipo? Niambie bei ya mwisho." Mimi nakuza picha, nahesabu meno, nahesabu matundu ya bolti, namrudishia voisi. Jioni namtumia picha ya risiti ya basi na namba ya gari, anajua kesho akapokee wapi. Niambie ni kikapu gani cha aplikesheni kinafanya hiyo kazi.

Wa kitochi nao wapo na wengine ndo wanaolipa vizuri, hao nawatumia meseji ya kawaida mzigo ukiingia. Ila jifunze kuandika fupi, meseji moja ni herufi 160, ukizidisha unakatwa ya pili. Na ukiweka kale ka-emoji kamoja tu inashuka mpaka 70! Jirani yangu alikopi tangazo lake la WhatsApp na vimoyo vyake vyote akalituma kwa wateja wote, salio liliisha hajafika nusu ya orodha.

WhatsApp ya biashara ni bure, ina katalogi, weka picha na BEI, hii tabia ya "bei njoo inboksi" mnafukuza watu. Ila ukituma brodikasti, yani ujumbe mmoja kwa wengi, anaipata aliyesevu namba yako tu, kwahiyo mteja akilipa mwombe aisevu hapo hapo akiwa mbele yako. Na usitoe mzigo kwa skrinshoti ya muamala, subiri meseji iingie kwako.

Waliokuwa wananicheka niwaulize, M-Pesa ilianzaje? Kenya 2007 ilianza kwa menyu iliyo ndani ya laini, kitochi chochote kinafanya kazi. Aplikesheni kubwa ya M-Pesa ya Safaricom, kampuni yenyewe ya simu ya huko, imekuja 2021, watu walishazoea kitambo. Hapa kwetu mpaka leo watu wanapiga *150*00# na maisha yanaenda. Sasa wewe duka la mlango mmoja unataka kuanzia walikofikia wao? Tuache kuigana jamani, tunaua mitaji.

Sisemi aplikesheni ni mbaya. Kama mteja anakuhitaji kila siku, kama usafiri au benki, fanya. Ila ujue kuiweka Play Store ni dola 25 mara moja, kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, na bado kuna mtu wa kuirekebisha kila simu zinapobadilika, huyo haji bure.

Vipodozi ni macho, dada wa Morogoro. Stetasi kila asubuhi, Instagram, na duka lako liwepo kwenye ramani ya Google maana wageni wa mjini wanatafuta humo. Wale vijana waambie wakutengenezee ukurasa mmoja mwepesi, bei, ramani na kitufe cha WhatsApp, basi. Wakikwambia hiyo kazi ni ndogo hawaifanyi, nicheki nikuunganishe na kijana aliyenifanyia mimi, nilimlipa kwa awamu mbili na hajawahi kunizimia simu.